Volti 5 zikipotea: kutafuta hitilafu ya umeme wa sensa kwenye injini ya dizeli

Dalili ni zilezile kila mara. Kanyagio la mafuta halisikii, injini inabaki kwenye mzunguko wake wa chini kabisa hata ukikanyaga mpaka chini, mshale wa presha ya oili umelala kwenye sifuri, turbo haisukumi, na dashibodi imewaka taa tatu kwa mpigo. Dereva aliyevuka Malaba akielekea Kampala atakwambia ilianza ghafla, pengine baada ya shimo, pengine baada ya mvua. Ukichomeka skana, inakuletea orodha ndefu: sensa ya presha ya oili, sensa ya hewa ya turbo, sensa ya reli ya mafuta, kanyagio. Hapo ndipo pesa nyingi huteketea, kwa sababu fundi mwenye haraka huiandika orodha hiyo kwenye karatasi na kumtuma utingo kwenye maduka ya vipuri ya Kiseka au Ndeeba, Kampala, akanunue sensa nne.

Sensa nne hazifi siku moja. Zikilalamika kwa pamoja, shuku kwanza umeme unaozilisha. Umeme huo unatafutwa kwa mita ya kawaida na subira, kabla hujanunua hata kitu kimoja.

Umeme huu unatoka wapi

Betri za gari dogo ni volti 12, za lori kubwa ni 24. Sensa nyingi za injini haziguswi na umeme huo moja kwa moja. Kompyuta ya injini, ambayo gereji nyingi huiita kontrol boksi, inaupokea, inaushusha na kuutuliza kwenye volti 5, kisha inaugawa. Sensa ya presha ya kawaida ina waya tatu: wa volti 5, wa hasi, na wa ishara. Hasi hiyo inarudi kwenye kompyuta, haifungwi kwenye bodi ya injini. Sensa ya reli ya mafuta (bomba nene linalogawa dizeli yenye presha kwa nozeli), kwa mfano, mara nyingi hutoa ishara ya karibu volti 0.5 kukiwa hakuna presha, na ishara hupanda kuelekea 4.5 presha inapofika juu kabisa.

Sensa za joto zenye waya mbili ziache kando. Kompyuta huzipa umeme kupitia kizuizi kilicho ndani yake, kwa hiyo shoti kwenye waya wake haiwezi kuangusha sensa nyingine. Sensa ya krenki yenye waya mbili nayo huzalisha umeme wake yenyewe krenki inapozunguka. Tunaoshughulika nao hapa ni wale wa waya tatu, na wakati mwingine nne au zaidi kama sensa ya joto imo ndani ya nyumba hiyohiyo.

Jambo la kulishika ni hili: kompyuta haina chanzo cha volti 5 kwa kila sensa. Ina laini chache, mbili au tatu au zaidi kidogo, na kila laini inalisha sensa kadhaa. Ni bomba moja la maji la mtaa; likipasuka kwa jirani, nawe unakosa maji. Kanyagio la mafuta kwa kawaida lina sensa mbili ndani yake, na kwenye magari mengi kila moja inalishwa na laini yake ili moja ikifa gari lisiwe yatima.

Shoti ikitokea, kompyuta nyingi hujilinda: hubana umeme wa laini ile usiunguze kitu. Shoti ikiondolewa, volti 5 zinarudi. Kazi yote inayofuata imejengwa juu ya tabia hiyo.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kufungua chochote

Usianze na skana. Anza na dereva.

"Nani aligusa gari mwisho, bosi?"

"Hakuna mtu, fundi. Tuliliosha tu juzi pale Lukaya."

Hiyo "tuliliosha tu" ndiyo unayoitafuta. Mashine ya maji ya presha ikielekezwa kwenye injini inasukuma maji kupita mpira wa soketi, na maji yenye uchafu yanapitisha umeme kati ya pini na pini. Uliza pia kama gari limechomelewa. Fundi wa kulehemu akichomelea chesi bila kutoa betri na soketi za kompyuta, umeme wake unatafuta njia popote. Uliza kama kuna aliyefunga kifaa cha kufuatilia gari au cha kupima mafuta ya tangi, maana wafungaji wengine huchuna waya wowote ulio karibu. Na kama gari lililala muda mrefu uani, fikiria panya.

Hatua ya 2: Soma misimbo (namba za hitilafu), kisha ipange

Sasa skana. Kwenye gari dogo na basi dogo la dizeli, tafuta P0641, P0642 na P0643 kwa laini ya kwanza, au P0651, P0652 na P0653 kwa laini ya pili. Namba ya kati katika kila kundi inamaanisha volti ziko chini, ya mwisho ziko juu.

Kwenye lori na jenereta ambazo kompyuta zake huwasiliana kwa lugha ya J1939 utaona SPN, yaani namba ya sehemu yenye hitilafu: 3509, 3510 au 3511 na kuendelea, kila moja ikiwa laini yake. Injini za zamani kidogo hutumia 620, 1079 au 1080. Kinachofuata ni FMI, namba ya aina ya hitilafu: 3 ni volti juu kupita kiasi, 4 ni volti chini. Watengenezaji injini Cummins wana namba zao: 352 ni laini ya kwanza iko chini na 386 iko juu, 187 ni laini ya pili iko chini na 227 iko juu.

Ukikuta msimbo wa laini pamoja na misimbo ya sensa, shughulikia wa laini kwanza na hiyo mingine uisahau kwa sasa. Mingi itaondoka yenyewe. Skana ya bei rahisi huenda isikuonyeshe msimbo wa laini kabisa, ikuletee tu kilio cha sensa moja moja. Hapo ni kichwa chako kiunganishe: fungua mchoro wa waya wa injini hiyo, tazama sensa zinazolalamika zinakutana wapi. Usifanye kazi kwa mchoro wa injini inayofanana. Rangi za waya na namba za pini hubadilika hata ndani ya modeli moja.

Andika misimbo yote kabla ya kufuta. Kufuta kwanza ni kutupa ushahidi.

Hatua ya 3: Betri na athi

Hii ni ya dakika chache. Athi ni njia ya hasi inayofungwa kwenye chuma cha injini na chesi. Betri iliyopumzika isome karibu 12.6, au 25.2 kwa lori. Injini ikiunguruma, altaneta ipeleke kama 13.8 hadi 14.4, au mara mbili yake kwa lori. Kisha, swichi ikiwa imewashwa, pima kati ya hasi ya betri na pini ya hasi ya kompyuta: zaidi ya volti 0.1 ni athi mbovu, na athi mbovu huleta misimbo ya kila aina. Safisha vichwa vya betri, kaza waya wa athi wa injini na wa chesi, soma misimbo upya.

Hatua ya 4: Pima volti 5 zenyewe

Utahitaji mita ya dijitali, pini nyembamba za kupenyeza nyuma ya soketi, na macho mazuri. Weka mbali taa ya balbu ya kupimia. Balbu huvuta umeme mwingi kuliko laini hii inavyoweza kutoa, na ukiigusisha mahali pabaya unaweza kuharibu kompyuta uliyokuja kuiokoa. Usitoboe ngozi ya waya pia. Tundu dogo la leo ni kutu ya msimu wa mvua ujao.

Washa swichi bila kupiga stata. Chagua sensa iliyo rahisi kufikika kwenye laini inayolalamikiwa. Mara nyingi ni ile ya hewa iliyo juu ya manifoldi. Chomoa soketi yake. Waya mweusi wa mita kwenye pini ya hasi ya soketi, mwekundu kwenye pini ya volti 5, kwa kugusa tu. Ncha nene ya mita ikisukumwa ndani hutanua pini, na hapo utakuwa umetengeneza hitilafu mpya. Unatarajia kati ya 4.75 na 5.25. Vitabu vya Caterpillar na Perkins vimebana zaidi: 4.84 hadi 5.16.

Ukisoma 5, usishangilie bado. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo itakuonyesha volti 5 hata kama waya umebaki na uzi mmoja. Rudisha soketi, penyeza pini nyembamba kwa nyuma sambamba na waya, upime tena sensa ikiwa kazini. Zikishuka hadi 4.2, kuna kutu au waya uliokatika nusu mahali fulani njiani.

Ukisoma sifuri, waya umekatika au laini nzima imelala. Nenda kwenye sensa nyingine ya laini hiyohiyo. Huko kukiwa na 5, tatizo ni kipande cha waya kinachokwenda kwenye sensa ya kwanza. Huko nako kukiwa sifuri, una shoti, au mara chache kompyuta mbovu. Kuna kompyuta ambazo huzima laini na kuijaribu tena kila baada ya muda, hivyo namba kwenye mita zitacheza. Nazo zinasema shoti.

Ukisoma kitu cha katikati, tuseme 2 au 3.4, fikiria maji ndani ya soketi au sensa iliyooza ndani lakini haijafa kabisa.

Ukisoma juu ya 5.25, zima swichi mara moja. Waya wa volti 5 umegusana na waya wa betri mahali fulani, na kwenye lori hiyo ni volti 24 zinazoingia ndani ya sensa zilizoundwa kwa tano. Kifaa kilichofungwa baadaye ndicho mshukiwa wa kwanza.

Bado kuna kipimo kimoja kinachosahaulika. Hamisha waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu ubaki pale pale. Ukipata 5 sasa na hukuzipata mwanzo, volti zako ni nzima. Kilichokatika ni hasi ya sensa. Hasi ikikatika, ishara za sensa hupanda juu kuelekea volti 5, na skana inajaa FMI 3 kwenye sensa nyingi. Wengi hukimbilia kutafuta shoti ambayo haipo.

Hatua ya 5: Chomoa moja moja

Umethibitisha laini imelala. Sasa acha sensa ya kwanza ikiwa imechomolewa, mita ikiwa imeshikwa kwenye soketi yake, utingo akiisoma kwa sauti. Wewe nenda ukachomoe sensa nyingine za laini hiyo, moja baada ya nyingine, ukisubiri kidogo kila mara. Mita ikiruka ghafla mpaka 5, ile uliyoichomoa mwisho ndiyo inayoangusha wenzake. Kama mita ilikuwa tayari imerudi 5 ulipochomoa ile ya kwanza kabisa, basi huyo huyo ndiye. Irudishe uone kama laini italala tena.

Baadhi ya kompyuta hazirudishi laini mpaka swichi izimwe. Kwa hizo, kila ukichomoa sensa, zima swichi, subiri nusu dakika, washa, kisha soma. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukiruka hapo utaipita sensa mbovu bila kujua.

Skana itaongeza misimbo ya sensa ulizochomoa. Ni kawaida, usihangaike nayo.

Mambo mawili ya usalama. Unachomoa soketi za sensa tu; soketi za nozeli usiziguse, maana kwenye injini za kisasa hubeba volti nyingi za kutosha kukurusha. Na sensa ya reli ya mafuta unaichomoa waya, huifungui kwa spana. Reli hiyo inaweza kushika presha inayopita baa 1,600 injini inapofanya kazi, na dizeli ikichirizika kwa presha hiyo inapenya ngozi.

Anza na wapi? Mimi huanza na sensa ya presha ya oili. Iko chini, kwenye joto, na inaoga oili maisha yake yote. Chomoa soketi yake utazame ndani kwa tochi, kisha gusa pini kwa ncha ya kitambaa cheupe. Kitambaa kikirudi na oili nyeusi, ukuta mwembamba wa ndani ya sensa umepasuka na oili inasukumwa kupitia sensa yenyewe. Fuata waya huo: oili hutambaa ndani ya waya, katikati ya nyuzi za shaba, na unaweza kuikuta mbali kabisa na ilikoanzia, hata kwenye soketi ya kompyuta. Kubadilisha sensa peke yake hapo hakutoshi.

Baada ya hiyo, nenda kwenye sensa ya valvu ya moshi unaorudishwa na ile ya turbo inayojirekebisha, kwa sababu ya joto lake. Kanyagio liache mwisho. Liko ndani ya kabini, pakavu, isipokuwa kama kuna mtu anayeosha sakafu ya kabini kwa mpira wa maji.

Ukimpata mkosaji, usimhukumu papo hapo. Puliza soketi kwa hewa kavu, safisha pini kwa dawa ya soketi, rudisha. Laini ikibaki hai, ulikuwa na maji. Ikilala tena, nunua sensa, moja, yenye namba ileile iliyochorwa kwenye ile ya zamani.

Hatua ya 6: Sensa zote zimetoka, laini bado imelala

Basi ni waya. Zima swichi, toa hasi ya betri, chomoa soketi ya kompyuta. Mita kwenye omu. Kati ya pini ya volti 5, upande wa waya, na bodi ya injini, usione muunganiko wowote. Vitabu vya Cummins vinataka zaidi ya omu 100,000. Rudia kati ya pini hiyo na pini jirani zote. Kisha pima waya kutoka mwisho hadi mwisho: kitabu kinakubali chini ya omu 10, lakini waya mzima wa urefu huo husoma chini ya 1, na mimi nikiona 6 natafuta kutu.

Wakati unapima, mwenzako autikise mkonga wa waya, lile fungu la waya za injini, sehemu kwa sehemu. Namba ikiruka, simama hapo.

Tazama hasa mahali mkonga unapopita juu ya kona ya chuma, kibano kilichopoteza mpira wake, nyuma ya injini usipopaona, na karibu na turbo ambapo plastiki inakauka na kuvunjika kama biskuti. Kwenye malori ya kabini ya kuinamisha, mkonga hujikunja kila kabini inapoinuliwa, na waya hukatika ndani ngozi ikiwa nzima kabisa. Uvute taratibu, waya uliokatika ndani hunyooka kuliko wenzake. Usisahau kufungua lile bomba la plastiki lenye mikunjo linalofunika waya. Magari yanayofanya kazi barabara za vumbi jekundu hujaza bomba hilo mchanga, na mchanga ukitikiswa mwaka mzima unakula ngozi ya waya kwa ndani, huku nje ukiona kila kitu kizuri.

Hatua ya 7: Kompyuta, mwisho wa foleni

Kama waya ni safi, rudisha kompyuta peke yake, sensa zote zikiwa nje, hakikisha inapata umeme wa betri na athi, upime volti 5 tena. Zikikosekana bado, sasa una haki ya kuishuku. Mpelekee fundi wa elektroniki mwenye meza ya kuijaribu. Kompyuta iliyotumika inayouzwa mjini lazima iwe ya namba ileile, na hata hivyo nyingi zitataka kuprogramiwa ili zikubali ufunguo na nozeli za gari lako.

Hatua ya 8: Tengeneza

Waya uliokatika usiusokote na kuufunga tepu. Ulehemu kwa risasi au ubane kwa kiungio kizuri, uufunike kwa mpira unaojikaza kwa joto, kisha uufunge mbali na chuma. Soketi iliyooga kijani ya kutu badilisha pini zake.

Kuna njia ya mkato inayofanywa kando ya barabara: kufunga 7805, kidhibiti kidogo kinachoshusha umeme hadi volti 5, kwenye betri na kuilisha sensa volti 5 za pembeni. Injini inaweza kuwaka, dereva akaondoka ameridhika. Lakini ishara ya sensa hizi ni sehemu ya volti zinazoilisha, na kompyuta huisoma ikilinganisha na volti 5 zake yenyewe. Chanzo cha pembeni kikitoa 5.2 huku cha kompyuta ni 5.0, kila kipimo cha presha kimepotoka, na kompyuta inapima mafuta kwa hesabu ya uongo. Kidhibiti hicho kikiungua na kupitisha volti 24, sensa inakwenda nacho. Sikubali kuifanya hata dereva akinisihi.

Hatua ya 9: Hitilafu inayokuja na kuondoka

Ukimaliza, futa misimbo, washa injini, iache ipate joto lote. Kisha toka nalo barabarani likiwa na mzigo. Kwa walio upande wa magharibi, mlima wa kuelekea Kabale unatosha. Kuzunguka uani hakuonyeshi kitu. Skana ikae imechomekwa, ikionyesha volti za laini kama inaweza.

Zikianguka injini ikiwa ya moto tu, simama mahali salama, usisubiri ipoe, uchomoe sensa moja moja papo hapo kama hatua ya 5. Sensa inayoshoti kwa joto ikipoa inajifanya nzima, na utaitafuta gereji kutwa bila kuiona. Kama uko gereji na barabara haiwezekani, mashine ya kukausha nywele ikielekezwa kwenye sensa moja kwa wakati, mita ikiwa imeshikwa, inafanya kazi hiyo vizuri. Zikianguka kwenye matuta, ni waya, rudi kwenye kutikisa mkonga. Zikianguka baada ya mvua, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, soketi moja, subiri, soketi nyingine, mpaka mita ianguke.